Majibu kwa Wasomaji: Kuipima Risasi ya Kuwindia Kabla ya Kumlenga Mnyama

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi risasi ya kuwindia inavyochanua, yaani inavyofunguka na kupanuka kama uyoga, ndani ya mwili wa mnyama, na barua zilizofuata kutoka Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya zimekuwa nyingi. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini mwetu mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaendelea kuukataza. Hata hivyo, wapo wasomaji wenye bunduki zilizosajiliwa wanaolenga shabaha kama mchezo, wapo wenye jamaa wanaofanya kazi katika vitalu vya uwindaji nchini Tanzania, na wapo walimu wanaotaka kuielewa fizikia iliyomo. Tumezichagua barua sita.

Swali: Mhariri, pokea salamu zangu. Nina bunduki ya kaliba ya .308 (kipenyo cha risasi kwa inchi) iliyo na leseni, na mjomba wangu aishiye Tanzania amenialika kuwinda kihalali huko. Nilijaribu aina mbili za risasi kwa umbali wa mita 100. Aina ya kwanza iliweka matundu matatu karibu sana, nikaweza kuyafunika kwa sarafu ya shilingi 20. Ya pili ilitawanyika sentimita 5. Wiki iliyofuata matokeo yakageuka kabisa. Je, bunduki yangu imeharibika? *Msomaji wa Njoro.*

Jibu: Ndugu msomaji, hakuna dalili yoyote katika maelezo yako kwamba bunduki imeharibika, na huenda hata hizo aina mbili za risasi hazitofautiani sana. Matundu matatu ni machache mno kutolea hukumu. Risasi zinazotoka katika mtutu mmoja, hata zikiwa zimeundwa kwa uangalifu mkubwa, hutawanyika kuzunguka kitovu fulani, nyingi zikipiga karibu nacho na chache zikienda mbali kidogo. Kwa hiyo ukipiga tatu tu, leo unaweza kupata tatu za karibu na kesho ukapata mbili za karibu na moja ya mbali, bila chochote kubadilika katika bunduki wala katika risasi. Hesabu za takwimu zinaonyesha kwamba bunduki ambayo kwa wastani huweka matundu matatu ndani ya upana wa sentimita 2.4 itaweka matano ndani ya sentimita 3.1 hivi, na kumi ndani ya sentimita 3.8. Anayejivunia matundu matatu na anayelalamikia matundu kumi huenda wanatumia bunduki za ubora uleule.

Njia iliyo bora ni kupiga kumi za kila aina, hata kama utazigawa katika siku mbili au tatu, kisha kutafuta kitovu cha matundu yote kumi na kupima umbali wa kila tundu kutoka kitovuni. Wastani wa umbali huo unakuambia mengi kuliko upana wa kundi, kwa sababu kila tundu linatoa ushahidi wake, ilhali upana hutegemea matundu mawili tu yaliyoachana zaidi. Tunafahamu kwamba risasi ni ghali na kwamba cheti chako kinataja idadi unayoruhusiwa kununua na kuhifadhi. Hiyo ndiyo sababu ya kuchagua aina mbili za kulinganisha badala ya sita, ili kila moja ipate idadi ya kutosha.

Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, mbele na nyuma, na usiuegemeze mtutu wenyewe juu ya kitu chochote. Mitutu ya bunduki za kuwindia ni myembamba ili iwe mepesi kubeba, na hupata joto haraka. Baada ya risasi tatu mfululizo, kitovu kinaweza kuanza kuhama. Acha mtutu upoe hadi uweze kuushika bila usumbufu, kisha endelea. Tena, piga aina hizo mbili kwa zamu, ili upepo na uchovu wako usiangukie aina moja pekee.

Kuna jaribio jingine ambalo wengi hulipuuza, nasi tunaliona kuwa la maana kuliko yote kwa mtu anayekwenda porini. Mnyama hupigwa kwa risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi. Tunza karatasi moja ya shabaha, na kila uendapo uwanjani ipige risasi moja tu kabla ya kufanya lolote lingine. Baada ya siku kadhaa karatasi hiyo itakuonyesha kwa uaminifu mahali ambapo risasi yako ya kwanza huangukia.

Ukishapata matokeo, usijitese kwa ajili ya nusu sentimita. Risasi zikikusanyika ndani ya sentimita 5 katika mita 100, zitakuwa ndani ya sentimita 10 hivi katika mita 200, na eneo la moyo na mapafu ya mnyama wa ukubwa wa swala pala ni pana kuliko hapo. Kinachomwacha mnyama amejeruhiwa mara nyingi ni mkono wa mwindaji. Mezani bunduki imetulia. Porini utailaza juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja, mapigo ya moyo yakienda mbio. Fanya nusu ya mazoezi yako ukiwa umesimama nyuma ya fimbo hizo, na umbali ambao huwezi kuweka risasi zote ndani ya sentimita 15 usiufikirie kabisa siku ya kuwinda.

Swali: Nafundisha fizikia katika shule ya upili hapa Kisumu. Wanafunzi wangu waliona picha za risasi zilizopigwa ndani ya jelatini wakauliza kwa nini watafiti hawatumii nyama, na ni nini hasa kinachopimwa. *Mwalimu, Kisumu.*

Jibu: Mwalimu, nyama haifai kwa sababu hakuna vipande viwili vinavyolingana. Kimoja kina mshipa, kingine kina mafuta, cha tatu kina mfupa, na ukipata matokeo tofauti hutajua kama tofauti imetoka kwenye risasi au kwenye nyama. Jelatini, dutu laini inayowekwa badala ya nyama, huundwa upya kila mara kwa kipimo kilekile. Daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani, Martin Fackler, aliyefanya utafiti wake San Francisco, ndiye aliyeeneza matumizi ya jelatini ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya unga kwa sehemu tisa za maji kwa uzito, ikiwa na baridi ya nyuzi 4 za Selsiasi. Kabla ya jaribio, kitalu cha jelatini chenyewe hujaribiwa: gololi ya chuma ya milimita 4.5 hurushwa ndani yake kwa kasi ya mita 180 hivi kwa sekunde, nayo inapaswa kuzama takriban sentimita 8.5. Ikizama zaidi, jelatini ni laini mno. Ikizama pungufu, ni ngumu mno, na matokeo yatakayofuata hayataaminika. Katika joto la mchana la Kisumu, ambalo hukaribia nyuzi 30, kitalu kilichotolewa kwenye jokofu huanza kulegea upesi, kwa hiyo kazi hii inahitaji mahali penye ubaridi na watu walio tayari kabla ya jelatini kutolewa.

Kinachopimwa ni mambo matatu. La kwanza ni upana wa risasi baada ya kuchanua. Risasi ya .308 ina kipenyo cha milimita 7.82, ikitolewa ikiwa imefunguka kama uyoga, hupimwa mahali pawili panapokingamana, wastani hupatikana, na wastani huo hugawanywa kwa kipenyo cha awali. Risasi nyingi za kuwindia hufikia mara 1.5 hadi mara 2. La pili ni uzito uliobaki: risasi ya gramu 11.7 ikitolewa ikiwa na gramu 8.2, imebakiza asilimia 70, na kilichosalia kimetawanyika njiani kama vipande. La tatu ni kina ilichofikia.

Wanafunzi wako watafurahia kuona jinsi mambo haya yanavyovutana. Kipenyo kikiongezeka maradufu, eneo la mbele la risasi huongezeka mara nne, na ukinzani unaoikabili huongezeka pamoja nalo. Risasi inayochanua mno hufanya jeraha pana lakini husimama mapema, pengine kabla ya kufika kwenye mapafu ya mnyama mkubwa; isiyochanua hupita moja kwa moja na kuacha njia nyembamba, na mnyama hukimbia mbali akiteseka. Historia nzima ya kuunda risasi za kuwindia ni juhudi ya kupata vyote viwili. Mmarekani John Nosler alitatizwa na risasi zilizopasuka juu juu kwenye mwili wa mnyama mkubwa wa Kanada, ambaye kwa Kiingereza huitwa moose, na kufikia mwaka 1948 alikuwa ameanza kuuza risasi yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele huchanua, nusu ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kusukuma. Wengine walikuja kuyaunganisha madini ya risasi (kwa Kiingereza, lead) ya ndani na ganda la shaba kwa joto ili visiachane, na wengine wakaunda risasi ya shaba tupu, ambayo hubakiza karibu uzito wake wote.

Jelatini haina ngozi, haina mbavu, haina bega. Inalinganisha risasi na risasi kwa haki, na matokeo yake yasomwe kwa maana hiyo tu.

Swali: Mpwa wangu anafanya kazi na mwindaji bingwa nchini Tanzania. Walijaribu risasi fulani kwenye marundo ya magazeti yaliyolowa, ikachanua vizuri sana. Lakini porini mnyama aliyepigwa kutoka mbali alikimbia, na alipopatikana jioni risasi ilikuwa imepita bila kufunguka. Je, jaribio la magazeti ni la uongo? *Mama wa Kitale.*

Jibu: Mama, pole kwa habari hiyo, na mshukuru mpwa wako kwa kutokata tamaa mpaka mnyama akapatikana. Jaribio la magazeti halikuwa la uongo. Tunahisi lilifanywa kwa umbali usiofaa. Watu wengi hupanga magazeti yao hatua ishirini au thelathini mbele yao kwa sababu ni rahisi kuyapiga hapo. Risasi ya .308 ya gramu 11.7 hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 800 kwa sekunde, na ikifika mita 300 hubaki na kasi ya kati ya mita 600 na 650. Risasi nyingi za kuchanua huhitaji kasi ya mita 550 hadi 600 hivi kwa sekunde ili zifunguke, na zile zenye ganda gumu huhitaji zaidi. Kwa hiyo iliyochanua vizuri sana mbele ya miguu ya mpigaji inaweza kufika mbali ikiwa imebaki na nguvu ndogo mno ya kujifungua. Na kinyume chake hutokea pia: risasi laini iliyoundwa kwa kasi ya wastani, ikitiwa katika bunduki yenye kasi kubwa na kumpiga mnyama kwa karibu, hupasuka vipande kwenye bega lake.

Tunashauri kila risasi ijaribiwe mara mbili, kwa umbali mfupi zaidi na kwa umbali mrefu zaidi ambao mwindaji anakusudia kupiga. Magazeti yanafaa kabisa kwa kazi hii. Yalowekwe usiku kucha, yafungwe yakiwa yamebanwa kwa kiasi kilekile kila mara, na risasi zote zinazolinganishwa zipigwe siku hiyohiyo, kwa sababu rundo lililoanza kukauka ni kitu kingine. Madumu ya maji ni rahisi zaidi kupata, lakini maji huzifungua risasi nyingi kwa urahisi kuliko mwili unavyofanya, na yanaweza kumfanya mtu aiamini risasi isiyostahili. Kipimacho kasi cha kielektroniki, kama kinaweza kuazimwa katika uwanja wa kulenga shabaha, kitaondoa kubahatisha, kwa kuwa kasi iliyoandikwa kwenye kasha hupimwa kwa mtutu wa kiwandani ambao mara nyingi ni mrefu kuliko wa mwindaji.

Pengine msimamizi wa kambi ataona jaribio la mita 300 ni usumbufu. Mpwa wako na asisitize. Mnyama aliyekimbia hadi jioni ni sababu ya kutosha.

Swali: Wazee wetu husimulia kwamba wawindaji wa tembo walianzia safari zao hapa Mumias, na kwamba mmoja wao alitumia bunduki ndogo. Iliwezekanaje, na kwa nini risasi zake hazikuchanua? *Msomaji wa Mumias.*

Jibu: Wazee wako wanasema kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20 misafara ya pembe za ndovu kuelekea Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ilianzia Mumias, na miongoni mwa waliopita hapo ni Mskoti Walter Bell, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufariki mwaka 1954, ambaye alipata jina la Karamojo kutokana na safari hizo. Bunduki anayokumbukwa nayo zaidi ni ya Rigby ya kaliba ya .275, ambayo ni milimita 7 tu, yenye risasi ndefu ya gramu 11.2 iliyofunikwa ganda gumu pande zote isipokuwa nyuma. Alilenga ubongo. Fuvu la tembo ni pana na limejaa vyumba vya mifupa, na risasi inayochanua ingesimama humo; iliyo nyembamba, ndefu na nzito kwa kipenyo chake husafiri moja kwa moja. Zaidi ya tembo 1,000 walikufa kwa mkono wake, jambo ambalo safu hii inalitaja kwa masikitiko.

Risasi ya namna hiyo hujaribiwa kwa swali tofauti. Hakuna anayepima upana wake. Hupimwa kina na unyoofu wa njia. Mbao huwekwa katikati ya magazeti yaliyolowa, na matundu kwenye kila ubao huonyesha kama risasi iliendelea mbele au iligeuka ubavu. Watengenezaji wa leo wamegundua kwamba pua bapa hushika njia vizuri kuliko pua ya mviringo, na ndiyo sababu nyingi za kisasa zina ncha iliyokatwa.

Swali: Naishi karibu na Hell's Gate, Naivasha, ambako tai huzaliana kwenye miamba. Nasikia vipande vya risasi huua tai. Je, risasi ya shaba tupu ni suluhisho, na kwa nini rafiki yangu anasema hailengi vizuri? *Mpenda ndege, Naivasha.*

Jibu: Ndugu yetu, wasiwasi wako una msingi. Picha za eksirei za wanyama waliopigwa kwa risasi za kawaida huonyesha vipande vidogo vya madini ya risasi vikiwa vimetapakaa mbali na jeraha, vingine vidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Tai akila matumbo yaliyoachwa porini huvimeza, na binadamu anayekula nyama ya karibu na jeraha huvimeza pia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama. Jimbo la California lilikataza risasi zenye madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia tarehe 1 Julai 2019, hasa kwa kumlinda kondori, ndege mkubwa alaye mizoga. Hapa kwetu, ambako uwindaji hauruhusiwi, adui mkubwa wa tai ni sumu inayotiwa kwenye mizoga, na huko ndiko nguvu zielekezwe. Lakini kwa yule aendaye kuwinda nchi jirani, tunampendekezea shaba bila kusita.

Rafiki yako huenda amekutana na jambo la kweli. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo risasi ya shaba yenye uzito uleule ni ndefu zaidi, na risasi ndefu huhitaji kuzungushwa kwa haraka zaidi na mifereji ya ndani ya mtutu ili itulie hewani. Mwanahisabati Mwingereza Alfred George Greenhill alitoa kanuni yake mwaka 1879: zidisha 150 kwa kipenyo, zidisha tena kwa kipenyo, kisha gawanya kwa urefu wa risasi. Kwa kipenyo cha milimita 7.82 na urefu wa milimita 32, mzunguko mmoja katika kila milimita 287 unatosha. Urefu ukiwa milimita 36, mtutu unapaswa kukamilisha mzunguko katika milimita 255 hivi. Ishara ya mzunguko usiotosha ni matundu marefu ya ubavu kwenye karatasi. Kama matundu ni ya duara lakini yametawanyika, asafishe mtutu kwa makini kabla ya kubadili aina, kwa maana mabaki ya ganda la zamani huivuruga risasi ya shaba, kisha achague iliyo nyepesi kidogo, ambayo pia itakuwa fupi.

Swali: Nimekuta risasi za marehemu babu katika sanduku la zamani. Naweza kuzijaribu? Na je, binamu yangu wa Nakuru, anayesafiri na bunduki yake kwenda kusini mwa Tanzania, arekebishe darubini upya? *Msomaji wa Kakamega.*

Jibu: Kuhusu risasi za babu, usizijaribu wala usizihifadhi. Kumiliki risasi bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, hata kama ni urithi, na baruti ya zamani inaweza kuwa imeharibika. Toa taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu kabla ya kuzisafirisha mahali popote, ufuate maelekezo yao.

Binamu yako, akishapata vibali vya kuivusha bunduki mpakani, atatoka mji ulio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako uzito wa hewa ni kama sehemu tano kwa sita ya ule wa pwani, na kushuka katika nyanda za chini. Hewa nzito huipunguza risasi kasi zaidi. Katika mita 100 tofauti haitaonekana, na hata katika mita 300 haitazidi sentimita chache. Joto la huko nalo huongeza kidogo nguvu ya baruti. Kinachohamisha kitovu kwa kiasi kikubwa ni mtikisiko wa safari, hasa darubini inapogongwa garini. Kwa hiyo akifika kambini, kabla ya siku ya kwanza ya kuwinda, apige risasi tatu kwenye karatasi kwa mita 100, akiuacha mtutu upoe kila baada ya risasi, na kama zote tatu zimehamia upande mmoja, akaze kwanza skurubu za darubini, apige tena, ndipo arekebishe.